Tawi la Senetwet Kwenye Njia ya Baba Okoth

Kuna mmea kwetu unaitwa senetwet. Maua yake ni ya manjano, yanasimama wima juu ya tawi kama mishumaa ya kanisani, na ukilisugua jani lake kwenye kiganja linatoa harufu ya njugu za kukaanga, hata kama hapo hakuna jiko wala njugu. Mama zetu huchoma vijiti vyake wapate mkaa laini wa kusugulia ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa ya mursik, yale ya kugandisha. Kwa hiyo boma la Kipsigis haliko mbali na kichaka cha senetwet, kimejisimamia nyuma ya jikoni, na mgeni hakiangalii mara mbili.

Juzi mzee anayenifyekea nyasi alikipitishia panga kichaka changu bila kuuliza. Nilikuwa nimesimama karibu, simu sikioni, nabishana na dereva wa lori, mara ile harufu ikanipanda puani. Nilikata simu. Nikakaa juu ya jiwe. Mzee akaniuliza, "Bosi, nimeharibu?" Nikamwambia hapana, acha tu kisiki, kitachipuka. Lakini mimi nilikuwa nimesharudi nyuma miaka arobaini na zaidi, nimelala kifudifudi chini ya ua wa michai, nimeuma meno kwa wivu.

Kabla sijafika huko, wacha unijue. Mimi ndiye Kirui wa malori. Niliacha shule darasa la sita. Nilianza na punda mmoja wa kubeba mchanga hapa Kaplong, na leo malori yangu yanajulikana kutoka Sotik mpaka Merigi. Duka la mabati na misumari ninalo. Na juu ya hayo yote nina paki. Umesoma sawasawa: paki yangu mwenyewe. Ni bonde lote lililo chini ya boma la baba yangu mpaka mtoni. Nimekata njia ya kutembea inayozunguka bwawa, nimeweka madaraja ya mbao, nimepanga mawe pande zote mbili na kuyapaka chokaa. Kwaya huja kupigia video zao pale. Maharusi huja. Watu wa ofisini huja Jumamosi na viatu vya kukimbilia, wanatembea kidogo, halafu wanakula nyama mpaka jioni.

Kaunti nayo imefungua njia yake kule upande wa pili, ina benchi za chuma na bango kubwa, na watu wanaisifu redioni mpaka nazima redio. Waisifu tu. Bango haliwezi kukushika mkono likuambie jina la mti. Mimi wageni wangu nawatembeza mwenyewe. Huu ni mringaringa. Huu ni mwiri. Huu ni podo, na ule unaowaka juu kwa maua mekundu ni kibobakasi. Walimu wa sekondari huniuliza nilisomea wapi, na kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja, nililitoa nimeinua kifua: hakuna mtu aliyenifundisha.

Sasa kaa vizuri nikuambie jambo ambalo hata mke wangu alilisikia mwaka jana tu.

Tulipokuwa wadogo, boma letu lilipakana na shamba kubwa la chai. Sisi tulikuwa na mistari yetu michache ya michai, ng'ombe watatu na mahindi. Wao walikuwa na chai mpaka macho yanachoka. Katikati kulikuwa na ua wa michai iliyoachwa bila kupunguzwa mpaka ikawa miti kabisa, minene, imefungamana mikono. Nyuma ya ua huo, upande wao, kulikuwa na kipande cha msitu wa zamani ambacho hakikufyekwa, na ndani yake bwawa, na kulizunguka bwawa njia ya miguu. Watu wote walipaita Paki. Ilikuwa ya mameneja na wageni wao, wapate mahali pa kunyoosha miguu baada ya chakula.

Njia ile ilikuwa inafagiliwa. Sikia hapo. Msitu unafagiliwa! Kwetu msitu ulikuwa mahali pa kuni na asali, na mtu akiingia na ufagio ungemtafutia dawa. Lakini ile ilifagiliwa kila asubuhi, udongo mwekundu umelala laini kama umepigwa pasi, na mawe meupe yamejipanga kando. Mbega walikuwa wanashuka mitini kuja kuikalia, na hata wao walionekana wamevaa rasmi.

Aliyefagia ni Baba Okoth. Alikuwa mtu wa upande wa ziwa, mrefu, mwembamba, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Alikuja kutafuta kazi chai, akapewa kibarua cha kutunza njia. Aliishi kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja, na mke wake, mtoto wa kike mchanga, na Okoth, aliyekuwa rika langu kabisa. Kila asubuhi kabla ya kazi Baba Okoth alipita kwetu na kopo kuchukua maziwa ya yule mtoto mchanga. Mama yangu akikamua, yeye alisimama nyuma ya jikoni, akachuma jani moja la senetwet, akalisugua, akalinusa amefumba macho.

"Mama Kirui," alikuwa anasema, "huu mti wako unanukia kwetu. Mama yangu anakaanga njugu hapa ndani."

"Basi chukua tawi upande kwako," mama anamwambia.

"Nipande wapi? Laini si yangu."

Mama anacheka, anamjazia kopo mpaka linamwagika. Nilikuwa nalisikia neno hilo kila siku, kwamba laini si yake, na halikuwahi kunigusa hata kidogo. Mimi macho yangu yalikuwa kwa Okoth.

Okoth alikuwa na burashi. Yake mwenyewe, yenye mpini wa bluu, na kopo dogo la chokaa lenye kamba. Baada ya shule alipaka mawe. Na jioni, kabla ya kazi kwisha, baba yake alimshika mkono wakaizunguka njia yote pamoja, pole pole, kuangalia kama kuna tawi limeanguka. Mkono! Mtoto wa kiume wa miaka tisa. Mimi nikawa nawasindikiza kwa ndani ya ua, kwa tumbo, mchanga ukiingia kwenye shati.

"Okoth, huu?" Baba Okoth anaugusa mti kwa kiganja.

"Podo, baba."

"Huu?"

"Mka... mkaratusi."

"Mkaratusi gani na gome kama ngozi ya mamba? Angalia vizuri."

Okoth anajikuna kichwa. Na mimi huko chini ya michai naijua! Ni mwiri, baba yako alisema juzi, gome lake linachemshwa kwa maumivu ya tumbo. Nilikuwa naumia kwa kuijua. Niliuma kidole nisipaze sauti. Nilimchukia Okoth kwa kila jina alilosahau, kwa sababu alikuwa amepewa kitu bure na anakiacha kidondoke.

Usidhani sikuwa na baba. Nilikuwa naye, mtu mzuri, mchapakazi, hakunywa. Lakini baba yangu alitembea mbele. Tukienda kupeleka majani kwenye kituo cha kupimia, yeye na gunia lake mbele, mimi na kikapu changu nyuma, na hakugeuka. Ukiniambia leo nichore uso wake nitapata shida. Visigino vyake nitakuchorea na kila ufa.

Paki sisi hatukuruhusiwa kuingia. Tulichoruhusiwa ni kupita ukingoni kwa chini, kwenda kwenye chemchemi kuteka maji na kunywesha ng'ombe. Ilikuwa ruhusa ya mdomo tu. Meneja angeweza kuiondoa siku yoyote, na maji mengine yalikuwa mbali, huko chini kwenye mawe ambako ng'ombe walivunjika miguu. Mama alinikumbusha mpaka nikachoka. "Usikanyage ile njia nyeupe. Usivunje hata kijiti chao. Wakifunga maji, tutakunywa maneno yako?"

Siku moja nilishindwa. Nilisimama ukingoni nikamwita Okoth, nikamwomba nipake jiwe moja. Moja tu.

"Hapana," akasema. "Wewe si wa hapa."

"Niko hapa tangu babu yangu! Wewe ndiyo umekuja juzi."

"Hapo ni kwenu. Hapa ni kazi ya baba." Akachovya burashi, akapaka jiwe taratibu, ulimi nje, akijua namwona. "Ukitaka, keti hapo uangalie."

Nikaketi nikaangalia. Hiyo ndiyo iliniuma kuliko kukataliwa.

Halafu ikaja habari ya wageni. Mkubwa wa mashamba yote angekuja Jumapili na wageni kutoka mbali, wapewe chai, watembezwe Paki. Meneja alikuwa amemwambia Baba Okoth kwamba siku hiyo ikienda vizuri, ataandikwa. Nikueleze maana yake kama hukukulia chai. Kibarua anaweza kuambiwa mwisho wa mwezi wowote akunje godoro. Aliyeandikwa ana nyumba ya matofali, ana jikoni yake, ana kipande cha kupanda sukuma wiki, na mtoto wake anamaliza shule moja. Baba Okoth alipaka mawe mara mbili. Alibadilisha mbao za daraja, akazipiga msasa mpaka ungeweza kulalia. Mke wake alishona shati jipya la Okoth, kwa sababu Okoth ndiye angesimama kwenye daraja na kengele, aipige wageni wakitokea, halafu awatangulie mpaka bwawani.

Wiki mbili nzima Okoth hakuwa na hadithi nyingine.

"Nitapiga hivi. Ngaa! Halafu nasema, karibuni."

"Utasahau," nikamwambia.

"Siwezi. Na wewe Kirui utakuwa wapi?" Akacheka. "Ah, kwenye ua. Nitakupungia mkono."

Kumbe alikuwa ananiona siku zote. Alijua niko huko chini na tumbo langu kwenye mchanga. Sijui kama umewahi kuaibika mpaka masikio yakapata moto. Usiku ule sikula.

Sasa kuna desturi kwetu. Tawi bichi likilazwa katikati ya njia, njia hiyo imefungwa. Huenda ng'ombe wana ugonjwa huko mbele, huenda mzinga umechokozwa, huenda kuna jambo la wazee. Huulizi, hurukii, unageuka. Mwenye kuweka ndiye mwenye kuondoa. Hata wenye magari wanalijua kwa namna yao, lori likikwama wanatupa majani barabarani. Kwa mtoto wa Kipsigis ilikuwa kama mlango wenye kufuli.

Jumapili asubuhi nilisema tumbo linauma. Wote wakaenda kanisani. Nilitaka matawi makubwa, lakini kukata mti wa Paki nikaogopa, kwa vile mama alikuwa ameniapisha nisivunje hata kijiti chao. Mimi mtoto mtiifu! Kwa hiyo nilikwenda nyuma ya jikoni kwetu, nikakata matawi matatu ya senetwet na maua yake, nikayabeba kupitia ukingoni, nikayalaza kwenye mdomo wa njia pale wageni wangeingilia. Mikono ilinuka njugu. Nikarudi kwenye ua wangu.

Wa kwanza kufika alikuwa askari wa shamba, Arap Chumo, mtu wa kwetu, mwenye koti refu na rungu. Aliyaona matawi, akasimama kama amegonga ukuta. Wageni wakatokea nyuma yake, kofia nyeupe, viatu safi, meneja mbele anaeleza mambo.

"Chumo, kuna nini?"

"Imefungwa, bwana."

"Imefungwa na nani?"

"Sijui. Tawi liko."

"Si uliondoe?"

"Mimi?" Arap Chumo alirudi nyuma hatua moja. "Mimi siwezi. Aliyeweka ataondoa. Hii ni senetwet, bwana, imetoka kwa boma la mtu. Wazee wako na sababu."

Mgeni mmoja aliuliza kama kuna chui. Arap Chumo, kwa heshima zote, akasema hawezi kukataa kwamba kuna chui. Basi, ikaisha hapo. Mama mmoja mwenye kofia akamshika mwenzake, wote wakageuka kurudi kwenye chai yao, na meneja akabaki anatazama matawi, shingo imekuwa nyekundu. Nilicheka mpaka nikajiziba mdomo na udongo.

Halafu nikatambaa ndani ya ua kwenda kuona upande wa pili. Okoth alikuwa amesimama katikati ya daraja. Shati jipya, jeupe, limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Kengele ameishika kwa mikono miwili. Baba yake alisimama nyuma yake, kofia ya sufu ameivua, ameikunja mfukoni. Walitazama mahali njia inapopinda. Walitazama hivyo hivyo saa tano, saa sita. Mara moja mbega alitikisa tawi, na Okoth akaipiga kengele, ngaa, akaanza, "Karibu..." akaishusha. Baba yake akamwekea mkono begani. Saa nane mvua ikaja, kama inavyokuja huku kwetu kila siku, bila kuchelewa. Ile chokaa ya mara ya pili ilikuwa haijakauka vizuri. Ikaanza kutiririka kutoka kwenye mawe, maziwa membamba yakavuka njia yakaingia bwawani.

Nilifurahi. Sitakudanganya. Nililowa mpaka mifupa na nilifurahi.

Baba Okoth alikuja kuona kilichozuia watu. Aliyakuta matawi. Hakuyatupa. Aliinama, akachuma jani moja, akalisugua, akalinusa. Kisha akainua uso akatazama upande wa boma letu kwa muda mrefu, mvua inampiga usoni. Mimi nilidhani anaangalia kama mvua itapungua. Akayakusanya matawi yote matatu, akayaweka kwapani, akaondoka.

Jumanne jioni mama alirudi kutoka chemchemini uso umeanguka. Baba Okoth hakuandikwa. Alikuwa amemwambia meneja kwamba ni yeye aliyefunga njia, eti ubao wa daraja ulioza akaogopea wageni, na hakutoa habari mapema. Meneja alimwita mpumbavu mbele ya watu. Njia akanyang'anywa, akapelekwa kundi la kupunguza michai, shamba la mbali huko upande wa Kericho. Kazi ile unakata matawi magumu kwa panga siku nzima mpaka kiganja kinafunguka.

"Ubao gani?" mama akasema. "Si alikuwa ameweka mpya?" Akakitazama kichaka cha nyuma ya jikoni, akatazama upande wa Paki, hakumaliza.

Mimi nilijiambia watu wazima wanasema uwongo kwa mazoea. Sikufikiri zaidi. Wakati huo nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda na hajui ameshinda nini.

Waliondoka na trela ya trekta, godoro, sufuria, kuku wawili wamefungwa miguu. Mama aliwapa kibuyu kizima cha mursik, na hakutaka kibuyu kirudi. Okoth alishuka akanijia. Nilidhani atanipiga.

"Shika," akasema. Ilikuwa ile burashi yenye mpini wa bluu. "Huko naenda hakuna mawe. Sasa utapaka wewe."

Nikaipokea. Hata asante sikusema.

Aliyeletwa baada yake alikuwa mtu wa kulala. Kufikia mwezi wa pili majani yalifunika njia, na hakuna aliyejali nani anaingia. Kwa hiyo siku moja niliingia, burashi mkononi, kama mwenye mali. Niliizunguka yote. Ilichukua muda mfupi kuliko kupika ugali. Miti ilikuwa miti. Maji yalikuwa maji. Nikarudia mara ya pili, nikidhani kuna mahali nimepitwa. Halafu, kwa kuwa hakukuwa na mtu, niliugusa mti kwa kiganja nikauliza kwa sauti nene, "Kirui, huu?" Nikajibu kwa sauti yangu, "Mwiri, baba." Nikaenda mti wa pili. Niliizunguka njia nzima hivyo, nauliza na kujibu mwenyewe, mpaka giza likaanza kuingia na mbega wakanikimbia.

Miaka ikapita. Punda, mchanga, lori la kwanza, hayo umeshayasikia, na nikianza kuyaeleza hatutamaliza. Nilipopata nafasi nilikata njia yangu kwenye bonde letu, nikapanda miti ile ile, nikaweka mawe, nikanunua chokaa. Watu walisema Kirui ameona mbali katika biashara. Nikawaacha waseme.

Mwaka jana, Jumatano moja, walikuja wawili hawakuwa na gari. Mzee mrefu amevaa miwani myeusi, na mtu wa rika langu amemshika mkono. Walitoka hospitali ya misheni hapo Kaplong, macho ya mzee yametazamwa, daktari amesema atembee kila siku mahali pasipo na magari. Yule wa rika langu aliniangalia, akaangalia tena.

"Kirui?"

Ilikuwa Okoth. Nilimjua kwa ulimi, bado anautoa kidogo akifikiri. Ni fundi seremala Kericho. Viatu vyake nilivitazama kwanza, sitaficha. Vilikuwa vimechoka, na jambo baya ndani yangu likatulia.

"Hapa ni pa nani?" akauliza.

"Ni pangu," nikasema. "Pote. Mpaka mtoni."

Nikawatembeza kwa mbwembwe. Nikataja mbao nilizonunua, watu wakubwa waliokuja, harusi zilizofanyiwa pale. Mzee alikuwa anaitikia tu, "Vizuri, vizuri," anagusa mawe kwa fimbo. Mpaka tulipofika pale jikoni ya mama ilipokuwa. Jikoni ilibomoka zamani, mama ametangulia, lakini kichaka sikukiondoa. Mzee akasimama. Akanusa hewa. Akanyoosha mkono bila kuona, akachuma jani, akalisugua.

"Hapa ni kwa Mama Kirui," akasema. Akacheka kicheko kidogo, cha kifuani. "Na huu ndio mti ulionipeleka Kericho."

"Baba Okoth. Ulijua?"

"Nilikuwa naunusa kila asubuhi, kijana. Ningekosa kuujua? Na boma lenye mtoto anayelala kwenye ua lilikuwa moja."

"Mbona hukusema?"

"Meneja aliniuliza, ni majirani? Alitaka kufunga chemchemi siku hiyo hiyo. Sasa fikiri. Msichana wangu anakunywa maziwa ya ng'ombe wa mama yako. Ng'ombe wanakunywa maji ya ile chemchemi. Ningesema, nani angekaa na kiu?" Akalitupa jani. "Na wewe ulikuwa mtoto. Mtoto anataka kitu, hajui jina lake."

Okoth alikuwa amegeuka kabisa. Yeye hakujua. Uso wake ulizeeka mbele yangu, kisha ukawa wa miaka tisa.

"Ni wewe?" akasema. "Nilishika ile kengele mpaka vidole vikafa ganzi."

"Niliona."

"Uliona!" Alinisogelea hatua moja. "Mjinga wewe," akasema mwishowe, na hakucheka. Akamshika baba yake mkono, wakaenda mbele, wakaniacha.

Na hapo, kwenye njia yangu mwenyewe, kati ya mawe yangu, mimi mwenye malori, nilimwonea Okoth wivu ule ule. Haukuwa umepungua hata punje. Viatu vyake vimekwisha, na bado ana ule mkono. Baba yangu nilimzika nikitembea nyuma ya jeneza lake, sawasawa na tulivyozoea.

Nilijidanganya kwamba nilitaka burashi. Baadaye nikajidanganya kwamba nilitaka njia, nikaijenga. Sasa nilijua. Na nilijua pia kwamba mtu niliyemwonea wivu hakuwa na hata futi moja ya udongo wa kupanda tawi la mama yangu, wakati mimi nimelala juu ya shamba la babu, nalia kwa kukosa.

Niliwafuata kwa mbali. Mzee alisimama, akaweka kiganja kwenye gome.

"Okoth, huu?"

Okoth, mtu mzima mwenye mvi, fundi wa mbao, alijikuna kichwa. "Mkaratusi, baba."

"Hata. Sikia ngozi yake."

Okoth akapapasa gome, asilitambue. Na mimi huko nyuma ikaanza kuniuma kama zamani, jina limenijaa mdomoni. Miaka yote hiyo nililimeza.

"Mwiri," nikasema. "Gome lake linachemshwa kwa maumivu ya tumbo."

Mzee aligeuza kichwa, miwani ikatafuta sauti. "Nani amesema?"

"Ni Kirui," Okoth akamjibu kwa kununa.

"Kirui! Umesomea wapi wewe?"

Ulimi ulikuwa tayari na lile jibu la kifua, limetoka mara nyingi mbele ya walimu. Nililishika lisitoke.

"Kwako, baba," nikasema. "Kule chini ya ua."

Kiganja chake kilikuwa bado kwenye mti. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayekumbusha kazi iliyochelewa:

"Sasa mbona bado unatembea huko nyuma?"